Ruzuku ya umeme viwandani: tunabishania kiwango, tunasahau saa

Ujerumani imeingia mwaka 2026 na bei maalumu ya umeme kwa viwanda vyake vinavyokula nishati nyingi. Lengo lililotangazwa ni takriban senti 5 za euro kwa uniti, kwa miaka mitatu. Uingereza imetangaza mpango wa kuanza 2027 utakaowapunguzia wazalishaji zaidi ya 7,000 hadi pauni 40 kwa kila megawati-saa, yaani uniti 1,000. Nchini Afrika Kusini, serikali na shirika la umeme la Eskom wamekuwa wakitafuta bei itakayowasha tena matanuri yaliyozimwa ya ferokromu, mchanganyiko wa chuma na kromu, huku mawe ya kromu yakipakiwa melini yakiwa ghafi. Kila tangazo la aina hii huamsha ubishi uleule. Wapo wanaosema serikali inaokoa ajira, na wapo wanaosema inachota fedha za umma kuwapa wenye nacho. Ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya kitu kimoja, nacho ni kiwango: senti ngapi, asilimia ngapi, mabilioni mangapi.

Nadhani wanapima kitu kisicho na uzito. Ruzuku haipunguzi gharama ya kuzalisha umeme hata kwa senti moja. Gesi itachomwa ileile, nyaya zitajengwa zilezile, mkopo wa bwawa utalipwa uleule. Kinachobadilika ni nani anayelipa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni kiasi gani, tuulize punguzo linakata sehemu gani ya bili, na linatolewa katika saa zipi. Punguzo linalofuata gharama, yaani linalokuwa kubwa pale ambapo kiwanda kinaigharimu gridi kidogo, linaweza kumfaa hata mtu asiyekuwa na kiwanda. Punguzo la bapa, bei moja ya chini usiku na mchana bila kujali gridi ina hali gani, ni deni linalokabidhiwa mtu mwingine, na aghalabu huifanya gridi nzima iwe ghali zaidi.

Tuanze na bili yenyewe, maana wengi wanaobishana hawajawahi kuitia machoni. Bili ya nyumbani ni nyepesi: uniti zilizotumika mara bei, kisha kodi. Bili ya kiwanda ina tabaka. Kuna umeme wenyewe, unaohesabiwa kwa uniti. Kuna malipo ya njia: nyaya za msongo mkubwa, transfoma, vituo vya kupozea umeme. Kuna kodi na tozo ambazo bunge limeona zipachikwe humo. Halafu kuna malipo ya mahitaji ya juu, yanayopimwa kwa kilovolti-ampea, ambayo kwa kawaida hutazama zile dakika 15 au 30 ambazo kiwanda kilivuta umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote mwezi huo. Msimamizi wa zamu akiwasha mota kubwa zote kwa mpigo asubuhi, nusu saa ile peke yake inaweza kupandisha bili ya mwezi mzima, hata kama siku zilizobaki mashine zilikwenda polepole. Nimewahi kuonyeshwa bili ya namna hii na mhasibu wa kiwanda cha plastiki. Alikuwa amezungushia kalamu nyekundu mstari mmoja tu, na haukuwa mstari wa uniti.

Tabaka hizi zina visababishi tofauti, na hapo ndipo mjadala wetu unapopotea njia. Tozo na kodi hazitokani na umeme unaotumika leo. Uingereza, kwa mfano, inapanga kuwaondolea wazalishaji gharama za mipango kama Renewables Obligation, ambayo hulipia mitambo ya upepo na jua iliyokwisha kujengwa. Mtambo wa upepo uliosimikwa miaka kumi na tano iliyopita hautapungua wala kuongezeka kwa sababu kiwanda cha kemikali kimeendesha zamu ya ziada. Ukikiondolea kiwanda tozo hiyo hujakificha ukweli wowote kuhusu gharama ya umeme kinaovuta. Ujerumani ilifanya jambo la aina hiyo tangu 2024 iliposhusha kodi ya umeme kwa wazalishaji hadi senti 0.05 kwa uniti, kiwango cha chini kinachoruhusiwa na Umoja wa Ulaya, wakati kiwango cha kawaida ni senti 2.05. Sina ugomvi mkubwa na hatua kama hizo. Serikali itakosa mapato na itabidi iyatafute kwingine, lakini itayatafuta mbele ya bunge, hadharani.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye uniti. Watu huitaja bei ya umeme wa viwandani kana kwamba ni namba moja. Mwaka 2024 soko la jumla la Ujerumani lilikuwa na saa 457 ambazo bei ilishuka chini ya sifuri: jua na upepo vilizalisha kuliko kilichohitajika, na wenye mitambo walilipa ili umeme wao uchukuliwe. Mwaka uleule, tarehe 12 Desemba, upepo ukiwa umetulia na mawingu yametanda, megawati-saa moja ilifika takriban euro 936. Ni soko moja na mwaka mmoja. Mtu anayekiambia kiwanda kwamba saa ile na saa hii zina bei moja anakifundisha kutojali, na kutojali kwa watumiaji wakubwa ndiko kunakolazimisha nchi ijenge mitambo ya akiba inayofanya kazi saa chache kwa mwaka na kulipwa mwaka mzima.

Wanaotetea ruzuku wana hoja nzito, na wanaozibeza hawatendi haki. Ya kwanza ni kwamba kiwanda kikubwa ni mteja wa gharama ndogo. Huchukua umeme kwenye msongo mkubwa, kwa hiyo hakihitaji utitiri wa transfoma na nguzo za mitaani, wala umeme mwingi haupotei njiani kukifikia. Kikilipa bei ya uniti iliyo chini kuliko ya nyumbani, tofauti hiyo peke yake si ruzuku. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Sehemu kubwa ya gharama za umeme haibadiliki umeme utumike au usitumike: mkopo wa bwawa, matengenezo ya njia, mishahara. Kiwanda kikubwa kikifunga, mzigo ule haufungi nacho. Unagawanywa upya kwa waliobaki, na bei yao inapanda, na pengine kiwanda kinachofuata kinashindwa. Afrika Kusini inaujua mzunguko huo. Kila tanuri la ferokromu lililozimika limeiondolea Eskom mteja ambaye alikuwa akibeba sehemu ya gharama hizo.

Uganda inaonyesha upande uleule kwa namna nyingine. Bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024, na uwezo wa nchi ukapita megawati 2,000, wakati mahitaji ya kilele yako chini sana ya hapo. Mikataba ya mitambo kadhaa inaidai nchi ilipie uwezo uliopo, umeme uchukuliwe au usichukuliwe. Katika hali hiyo serikali inapolenga senti 5 za dola kwa wazalishaji wakubwa, hesabu yake ina mantiki: basi lenye viti vitupu litasafiri tu, na abiria anayelipa nusu nauli ni bora kuliko kiti kitupu. Kenya ilichukua njia ya karibu na hiyo mwezi Desemba 2017, ilipokata nusu ya bei ya uniti zinazotumiwa na wenye viwanda nyakati za mahitaji madogo, hasa usiku, lakini kwa zile uniti zinazozidi kiwango kilichowekwa. Utaratibu ule ulilalamikiwa kwamba masharti yake yaliwabana wengi, na malalamiko yalikuwa na msingi. Hata hivyo umbo lake lilikuwa sahihi: nafuu ilikuja pamoja na saa ambazo mitambo ilikuwa inazunguka bila wateja, na haikugusa saa za jioni ambapo kila nyumba inawasha taa.

Hoja ya tatu ya watetezi haisikiki vya kutosha. Viwanda vingi bado vinapata joto kwa kuchoma gesi, makaa au mafuta. Tukitaka vihamie kwenye umeme, bei ya umeme ikilinganishwa na ya gesi ndiyo itakayoamua, na hotuba za mikutano ya tabianchi hazitaongeza kitu. Mwenye boila hafikirii mara mbili: akikuta joto la umeme linamgharimu maradufu ya joto la gesi, ataendelea na gesi.

Upande wa pili nao una ushahidi wa kutosha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ruzuku za umeme zimekuwa nyepesi mno mabegani mwa wanaozitia saini. Kwa miaka mingi kaya za Ujerumani zililipia nishati jadidifu kwa tozo iliyokuwa kwenye kila uniti. Mwaka 2014 tozo hiyo ilifika senti 6.24. Viwanda vilivyotumia umeme mwingi viliondolewa sehemu kubwa ya mzigo huo, na kwa kuwa jumla ya kulipwa haikupungua, kilichosamehewa huku kiliongezwa kule, kwenye bili za nyumba na za karakana ndogo ambazo hazikufikia vigezo. Desemba 2013 Tume ya Ulaya ilifungua uchunguzi kuhusu msamaha huo. Tozo yenyewe ilikuja kuondolewa Julai 2022, gharama zikahamishiwa kwenye bajeti ya taifa. Hakuna aliyeiba kitu. Lakini kwa karibu miongo miwili mwenye jokofu moja alimchangia mwenye tanuri, bila mtu kumuuliza.

Hata hivyo hoja ya wapinzani ikivutwa hadi mwisho, kwamba kila punguzo kwa kiwanda ni hasara kwa kaya, inavunjika, kwa sababu niliyokwisha kuitaja: kiwanda kinachoondoka hakiondoki na deni la bwawa. Inategemea ni punguzo gani.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa sana kwenye mikutano ya wenye viwanda, ni ile inayosema China inawapa wazalishaji wake umeme wa bei ya kutupa, kwa hiyo nasi hatuna budi. Agosti 2021 Tume ya Taifa ya Maendeleo na Mageuzi ya China iliamuru majimbo yaache kuvipa bei za upendeleo viwanda vya alumini, ikaweka bei ya ngazi: kiwanda kilichotumia zaidi ya kilowati-saa 13,650 kwa tani mwaka 2022 kilipaswa kulipa zaidi kwa kila kipande kilichozidi, na kikomo hicho kilipangwa kukazwa miaka iliyofuata. Oktoba 2021, wakati bei ya soko ilipowekewa ukomo wa kupanda kwa asilimia 20, watumiaji wakubwa wa nishati waliachwa nje ya kinga hiyo. Sisemi China haisaidii viwanda vyake. Inavisaidia sana, kwa mikopo, kwa ardhi, kwa kuviruhusu kujenga mitambo yao ya makaa. Lakini anayeleta China kama ushahidi wa umeme wa bapa wa bei nafuu anataja nchi iliyoona madhara yake na kuanza kuukata. Na wayeyushaji wa alumini waliohamia jimbo la Yunnan kufuata umeme wa maji walijikuta mwaka 2022 na 2023 wakiamriwa kupunguza uzalishaji mito ilipokauka. Bei ya chini haileti mvua.

Historia ya ruzuku hizi ni ndefu kuliko kumbukumbu za wanaozibuni leo. Bwawa la Akosombo nchini Ghana, lililozinduliwa Januari 1966, lilijengwa kwa kutegemea mteja mmoja, kiwanda cha alumini cha VALCO kilichomilikiwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya Kaiser ya Marekani. Bila mteja huyo wakopeshaji wasingetoa fedha, na hilo Kwame Nkrumah alilijua. Lakini mkataba ulifunga bei ya mili 2.625 kwa uniti, yaani takriban robo ya senti ya Marekani, kwa muda wa miaka 30. Kiwanda kilichukua sehemu kubwa ya umeme wa bwawa kwa bei hiyo, na kikaagiza kutoka nje alumina, unga unaotolewa kwenye mawe ya boksiti, ilhali Ghana ina boksiti yake. Ilibidi serikali ya Rawlings ifanye majadiliano magumu hadi 1985 ndipo bei ikafika mili 17. Katikati ya hapo ulikuja ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ziwa likashuka, na mteja wa bei ya chini kabisa akawa miongoni mwa waliozimiwa. Kosa lilikuwa ni kuuza miaka 30 ya umeme kana kwamba kila mwaka utafanana na mwaka wa kwanza. Bei ndogo ya kuanzia ilikuwa na sababu zake.

Kaiser hiyohiyo ilitoa mfano mwingine, huko Marekani. Kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo shirika la serikali la Bonneville liliwauzia wayeyushaji wa alumini umeme wa maji kwa takriban dola 22 kwa megawati-saa. Bei za soko la umeme la California zilipolipuka mwaka 2000, Kaiser ilizima kiwanda chake cha Mead, karibu na Spokane, ikauza tena umeme ule kwa bei iliyokuwa mara nyingi zaidi. Kampuni haikuvunja mkataba. Ilifanya kile ambacho mkataba uliruhusu. Ruzuku iliyoombwa kwa jina la ajira iligeuka mtaji wa kufanyia biashara ya umeme, wafanyakazi wakiwa nje ya lango. Walioandika masharti walikuwa wamehangaikia bei tu, wakasahau kuandika umeme huu ni wa kufanyia nini.

Afrika Kusini ilirudia kosa la Ghana ikiwa na vitabu vyote mkononi. Miaka ya 1990 Eskom ilikuwa na mitambo mingi isiyo na kazi, ikafunga mikataba ya muda mrefu na wayeyushaji, Hillside kule Richards Bay na baadaye Mozal ng'ambo ya mpaka nchini Msumbiji. Bei ilifungwa kwenye bei ya alumini duniani. Kwa kuwa ziada ilikuwepo, uamuzi ule haukuwa wa kijinga, na unafanana na wa Uganda leo. Lakini Januari 2008 ziada ilikuwa imekwisha. Migodi ilisimama, nyumba zikaingia kwenye mgao, na mikataba ile ikaendelea kuhesabu bei kwa kutazama soko la mbali la alumini. Wananchi hawakujua hata wanawalipia wenzao kiasi gani. Ilichukua kesi iliyopanda hadi Mahakama ya Juu ya Rufaa, Machi 2013, kwa bei hizo kutolewa hadharani. Na mwisho wa hadithi umekuja juzi: Desemba 2025 kampuni ya South32 ilitangaza kwamba Mozal itasimamishwa Machi 2026, kwa kukosa mkataba mpya wa umeme kwa bei inayobebeka. Kiwanda kilichodumu robo karne kwa umeme wa mkataba mmoja kilishindwa kuishi siku moja baada ya mkataba ule. Nawahurumia sana wafanyakazi wake na wauzaji wadogo waliokizunguka. Hao hawakuketi mezani bei ilipopangwa.

Uganda isome kurasa hizo kabla ya kuongeza tarehe kwenye mikataba yake. Ziada ni hali ya miaka kadhaa. Nafuu inayotokana na ziada iandikwe iishe pamoja na ziada.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko New Zealand, kwa sababu unahusu kiwanda kimoja kilichopewa nafuu kwa njia mbili tofauti. Kiwanda cha alumini cha Tiwai Point, kusini kabisa mwa nchi, kinatumia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wote wa taifa. Mwaka 2013 serikali ilikipa dola milioni 30 za nchi hiyo ili kisifunge. Hakukuwa na kubwa lililodaiwa badala yake, na mwaka 2020 wamiliki walitangaza tena kwamba watafunga. Kisha Mei 2024 ikaja mikataba ya miaka 20, hadi 2044, na safari hii kampuni za umeme zilinunua kitu. Kiwanda kinakubali kupunguza matumizi kwa hadi megawati 185 katika miaka ambayo mabwawa yamepungua maji, na kinalipwa kwa kufanya hivyo. Haikupita hata nusu mwaka sharti likaitwa: majira ya baridi ya 2024 maziwa yalishuka, bei zikaruka, na kiwanda kikashuka hadi kikomo kilichokubaliwa. Megawati hizo zilibaki kwenye gridi zikitumiwa na watu wengine. Kwa gridi yenye kutegemea maji, mteja anayeweza kurudi nyuma ana thamani ya mtambo mzima wa akiba, na hakuna haja ya kuujenga.

Kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani kwa alumini. Ndani ya ukumbi wa kuyeyushia kuna mamia ya vyungu vya chuma vilivyopangwa safu, kila kimoja na kimiminika chenye joto la karibu nyuzi 960. Umeme ukikatika saa nne au tano, kimiminika kinaganda, na chungu kilichoganda hubomolewa kwa nyundo za upepo. Ndiyo maana wayeyushaji walidai umeme usiotikisika. Kumbe kukata ni jambo moja na kupunguza ni jingine. Kule Essen, Ujerumani, kampuni ya Trimet ilifunga vibadilisha-joto kwenye ubavu wa vyungu vya safu moja ili joto lihifadhiwe umeme ukipungua na litolewe umeme ukizidi, na safu hiyo ikaweza kupanda na kushuka kwa takriban robo. Ikiwa chungu cha alumini kinaweza, kinu cha saruji kinaweza zaidi: kinu husaga usiku, na unga unangoja ghalani. Tanuri la umeme la kuyeyushia vyuma chakavu huendeshwa kwa awamu, na awamu zinaweza kupangwa kukwepa jioni.

Hapo ndipo mpango mpya wa Ujerumani unapohukumiwa vibaya na pande zote. Wanaoushangilia na wanaoulaani wanauona kama senti 5 za bapa. Kanuni za Umoja wa Ulaya za Juni 2025 zinazouruhusu ni kali kuliko hivyo: punguzo lisizidi nusu ya wastani wa bei ya jumla, lihusu si zaidi ya nusu ya matumizi ya mwaka, bei isishuke chini ya euro 50 kwa megawati-saa, na mpokeaji arudishe angalau nusu ya msaada kwenye uwekezaji unaopunguza hewa ukaa. Kiwanda kinachowekeza katika uwezo wa kupanda na kushuka kinaweza kuongezewa kidogo. Kwa kuwa hesabu inafuata wastani, kiwanda bado kinaonja bei ya saa ileile kinapoamua kuongeza au kupunguza. Kwa muundo huo, ni ruzuku iliyofikiriwa kuliko nyingi zilizotangulia.

Kinachoniudhi kimekaa pembeni yake, kwenye kanuni ya zamani ambayo magazeti hayaitaji. Ujerumani hupunguza malipo ya nyaya, kwa asilimia 80 hadi 90, kwa mteja mkubwa ambaye matumizi yake ya mwaka, yakigawanywa kwa kilele chake, yanafika saa 7,000 au zaidi. Ilikuwa kanuni ya akili enzi za mitambo ya nyuklia na makaa, iliyopenda mteja asiyebadilika. Leo ina maana kwamba kiwanda kikiongeza matumizi mchana wa jua kali, wakati umeme unagawiwa bure, kinapandisha kilele chake, hesabu ya saa zake inashuka, na kinaweza kupoteza punguzo lenye thamani kubwa kuliko umeme uliookolewa. Meneja mwenye akili timamu ataacha mashine ziende vilevile tarehe 12 Desemba jioni na adhuhuri ya Juni. Msimamizi wa nishati wa nchi hiyo, Bundesnetzagentur, alianza mwaka 2024 mchakato wa kuibadilisha kanuni hii, na wenye viwanda wameupinga kwa nguvu. Mkono mmoja unalipia uwezo wa kubadilika, mwingine unauadhibu.

Pia kuna wasiotajwa kabisa. Mipango hii karibu yote ina orodha ya sekta: chuma, kemikali, karatasi, kioo. Karakana inayochonga vipuri, kiwanda cha kuoka mikate, mshonaji mwenye mashine arobaini, hawa hawafiki kizingiti cha matumizi, ingawa kwa pamoja wanaajiri watu wengi. Kwao nafuu pekee inayowezekana ni ile inayopita kwenye tabaka la kodi na nyaya kwa kila mtu, kama ilivyofanya Ujerumani ilipotenga euro bilioni 6.5 za bajeti ya 2026 kushusha gharama za njia za msongo mkubwa. Fedha hizo ni nyingi, na zina walengwa wengi wasiozihitaji. Ila hazimtofautishi mwenye chama chenye sauti na asiye nacho.

Na muda bado ni mfupi. Msaada wa Ujerumani unakoma mwishoni mwa 2028. Tanuri jipya la umeme huchukua miaka kuagizwa na kufungwa, na likishafungwa hufanya kazi kwa miongo. Bodi ya kampuni inayokaa leo kuamua kama iondoke kwenye gesi haiwezi kuweka miaka mitatu ya nafuu kwenye hesabu ya miaka ishirini na tano. Itauchukua msaada, itarekebisha kilichopo, na itangoja uchaguzi ujao. Mkataba wa Tiwai Point una miaka 20 kwa sababu pande zote mbili zina kitu cha kupoteza ukivunjika. Serikali inayotaka viwanda vihamie kwenye umeme italazimika kutoa ahadi za urefu huo, na haiwezi kuzitoa kwa usalama kwa bei ya bapa, kwa kuwa hakuna anayejua uniti ya 2045 itagharimu nini. Inaweza kuzitoa kwa kanuni: kwamba saa ambazo umeme umezidi zitabaki kuwa rahisi kwa kiwanda hadi mwisho wa mkataba, na kwamba saa za uhaba zitamlipa anayejitoa. Benki inaweza kukopesha kwa kanuni ya namna hiyo, na fundi anaweza kuchora tanuri, na ghala la joto lake, kwa kuzifuata saa hizo.